Mrejesho: mazoezi ya mbinu za sataranji kwa kuhesabiwa muda

Habari zenu wadau. Niliuliza hapa nifanyeje niache kupoteza farasi na ngome bure kila nikicheza sataranji na wenzangu huku Dodoma. Asanteni sana mlionijibu, mmenisaidia kweli.

Nilimfuata kaka aliyesema nisikimbilie mafumbo mapya, nirudie yaleyale mpaka macho yazoee. Kwenye Lichess (tovuti ya sataranji, ni bure, haina matangazo) nilichagua mafumbo ya farasi anayeshambulia kete mbili kwa mpigo, halafu ya kete iliyobanwa mbele ya mfalme wake, nikawa narudia niliyokosa. Jioni namalizia na Puzzle Storm, sehemu ya humohumo ya kufumbua mafumbo mengi haraka: saa inaanza na dakika 3, ukikosea unakatwa sekunde 10, kwa hiyo kubahatisha hakulipi.

Imesaidia sana kwa farasi. Mfalme wa mpinzani akiwa mraba wa e8 na ngome yake a8, ile c7 ambapo farasi wangu anawashambulia wote wawili naiona hata kabla sijaanza kuhesabu. Juzi nilimnasa hivyohivyo jamaa wa mtaa wa Area C aliyezoea kunifunga, nikafurahi mno.

Mechi ndefu bado. Kwenye fumbo unajua kuna kitu cha kutafuta. Mezani hakuna wa kukushtua, na vitisho vya mpinzani vinanipita. Storm nayo ikizidi inaleta pupa, nimeipunguza. Sasa naanza ushauri wa dada aliyesema kabla ya kusogeza kete nijiulize, "Huyu anataka nini?"

Mwenye mafumbo mazuri ya kujilinda naomba anielekeze.