Prado ya dizeli ya 1997, giaboksi ya auto inachelewa rivasi: ninunue au niachane nayo?

LikoniKusini

Salaam aleikum wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Kuna Prado KZJ95 ya mwaka 1997, injini 1KZ-TE lita 3.0, giaboksi ya auto, mwenyewe yuko Mikindani. Bodi iko sawa, chini kuna kutu kiasi. Anaitisha 750,000 na asema bei inazungumzika kwa sababu giaboksi "inataka oili tu".

Nimeijaribu mpaka Mazeras na kurudi. Ikiwa baridi, ukitia R inakaa kama sekunde nne kisha inashika kwa kishindo. D inashika mara moja. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, mzunguko wa injini unapanda ghafla kama iko N, halafu ndiyo inashika. Taa ya O/D OFF (ya overdrive, yaani gia ya nne) ilikuwa ikiwaka na kuzima yenyewe barabarani. Kwenye mlima wa Mazeras sindano ya joto ilipita nusu kidogo. Oili ya giaboksi kwenye kijiti cha kupimia ni nyekundu iliyofifia, inaelekea rangi ya waridi.

Nataka gari la kubeba familia na mzigo mdogo kati ya Likoni na Kinango. Fundi mmoja aniambia nibadilishe oili kwa mashine, mwingine asema nitie giaboksi ya manual yaishe. Nifuate lipi?

Spana17

Waalaikum salaam kaka. Kwanza, asiimwage mtu oili hiyo kabla hujamaliza kupima. Ikishamwagwa umepoteza ushahidi.

Giaboksi ya Prado hiyo kwa kawaida ni Aisin A343F ya gia nne. Hakikisha kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, palipoandikwa TRANS/AXLE. Ndani mna klachi tatu, C0, C1 na C2, pamoja na breki zake, yaani zile za ndani zinazoshikilia gia. Ukiondoka kwa D zinashika C0 na C1. Rivasi inataka C0, C2 na breki ya B3. Gia ya tatu inataka C0, C1 na C2. Sasa angalia dalili zako: D inashika mara moja, kwa hiyo pampu, C0 na C1 hazina neno. Inayochelewa ni rivasi na inayoteleza ni ya tatu, na kinachofanya kazi kwenye zote mbili mbali na C0 ni C2.

Kuhakikisha kwamba si B3, huhitaji kufungua hata bolti moja. Tafuta mteremko, nenda mwendo mdogo, tia L (gia ya chini), ondoa mguu kwenye mafuta. Kwenye L ni B3 inayoifanya injini izuie gari. Likizuiliwa vizuri, B3 ni nzima na mgonjwa ni C2: ama sili za pistoni yake zimekuwa ngumu, ama bamba zimelika. Sili ngumu huvujisha presha zikiwa baridi na hulainika kidogo zikipata moto, ndiyo maana asubuhi hali huwa mbaya zaidi.

Kipimo cha Toyota, oili ikiwa moto na mguu kwenye breki: kutoka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, N kwenda R isizidi 1.5. Hata ukisamehe kwa sababu ilikuwa baridi, sekunde nne na kishindo juu yake si tatizo la oili iliyochoka.

DizeliTupu

Kuhusu C2 nakubaliana na Spana. Mimi rangi ya oili ndiyo inayonitia wasiwasi. ATF, yaani oili ya giaboksi ya auto, ikiwa safi ni nyekundu na mwanga unapenya. Iliyochoka ni ya hudhurungi, iliyoungua ni nyeusi na inanuka. Inayoelekea waridi, hasa ikiwa na ukungu wa maziwa, ina maji.

Maji yaingia hivi. Oili ya giaboksi hupoozwa kwenye bomba lililo ndani ya tangi la chini la rejeta. Bomba hilo likitoboka kwa kutu, oili na maji ya rejeta hukutana. Huku kwetu ugonjwa huu unaletwa na maji ya kisima. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vina chumvi, na mtu akiona rejeta imepungua anachota ndoo na kumimina. Miaka kumi hivyo, bomba linaoza kutoka ndani na nje huoni kitu.

Maji yakishaingia, gundi inayoshikilia ngozi ya bamba za klachi inaachia na ngozi inaanza kumenyuka. Kwa hiyo C2 huenda haikufa kwa uzee, imeuliwa na rejeta. Ukitengeneza giaboksi ukairudisha kwenye rejeta ileile, utaitengeneza tena.

Pima hivi: chovya kijiti, dondosha matone mawili ya oili juu ya bati lililopashwa moto jikoni. Oili kavu inatoa moshi kimya kimya. Yenye maji inachacharika na kuruka, simama mbali kidogo. Kisha fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, pitisha kidole ndani ya shingo. Ukipata utelezi wa mafuta, jibu unalo.

Na hiyo sindano kupita nusu usiidharau. Hedi ya 1KZ-TE ni ya alumini na inajulikana kwa kupasuka ikipata joto. Nenda asubuhi, gusa boneti uhakikishe gari halijawashwa, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu tangu jana, kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kisha washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, tazama dakika tano: mapovu yasiyokwisha ni hedi au gasketi. Hedi ikiwa imepasuka, hapo hakuna cha kujadiliana, rudi nyumbani.

WayaNaSensa

Taa ya O/D OFF ikimweka yenyewe si hitilafu ya taa, kompyuta inakuambia imehifadhi kosa. Kulisoma ni bure, huhitaji mashine ya kupimia. Ndani ya boneti kuna kisanduku cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Switchi ya O/D kwenye gia iwe imewashwa, funguo kwenye ON bila kuwasha injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha hesabu mimweko. Mimweko ya haraka iliyo sawasawa maana yake hakuna kosa. La sivyo unahesabu makumi, pumziko fupi, kisha moja moja. 42 ni sensa ya kasi namba 1, 61 ni sensa ya kasi namba 2 iliyo nyuma ya giaboksi, 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme) za kubadilisha gia, 64 ni ya lokapu, ile inayofunga konvata na injini zizunguke pamoja. Shika TE1 na E1 tu, usichokoe matundu mengine.

Gari linalovuka feri kila siku hurushiwa maji ya chumvi chini, na plagi za sensa zilizo ubavuni mwa giaboksi huota ukungu wa kijani. Ukipata 61, chomoa plagi, safisha pini, paka grisi ya umeme, futa kosa, kisha jaribu upya kabla ya kununua sensa. Ukipata 62, 63 au 64, pima solenoidi kwa mita: inatakiwa iwe kati ya omu 11 na 15.

Jambo moja zaidi. Uliza kama themostati imo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi hapa huitoa eti "Mombasa kuna joto". Bila themostati injini inaweza kubaki baridi ikiwa kwenye mwendo, na kompyuta haitoi gia ya nne wala lokapu mpaka maji yapate moto. Mtu akaja kulaumu giaboksi bure.

MafutaSafi

Mimi naona mnamtisha ndugu. Kama maji ni kidogo, amwage oili, abadilishe chujio, arudie mara tatu. Gari nyingi zimepona hivyo.

Spana17

MafutaSafi, njia yako inafaa pale maji yameingia jana na gari halijateleza. Hili linateleza tayari. Oili mpya haiwezi kurudisha ngozi iliyobanduka. Na ukimwaga kwa tundu la sampu, yaani karai la oili chini ya giaboksi, zinatoka lita chache tu, nyingi inabaki ndani ya torki konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, pamoja na maji yake.

Mashine ya kusukuma oili ndiyo siiungi mkono hata kidogo kwenye giaboksi ya umri huu. Inaondoa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu bodi inayogawa oili kwa klachi, kwenye vitundu vyembamba kuliko sindano. Gari liliingia gereji linateleza gia moja, linatoka halitembei.

Kuhusu manual: inawezekana, lakini si kazi ya giaboksi peke yake. Unahitaji pedali, masta na sileva (pampu ya juu na ya chini) za klachi, flaiwili, mauntingi, propela shafti zenye urefu unaolingana, na waya za kompyuta zirekebishwe. Ukikosa kimoja gari linalala gereji likisubiri spea. Ifanye tu kama umepata gari zima la manual lililogongwa la kuchomoa kila kitu.

BiShanzu

Kaka, kabla ya yote hayo ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ufanye utafutaji wa gari kwa namba zake. Jina la mwenye gari lifanane na la kitambulisho chake, na uangalie kama benki au mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Gari la mkopo halihamishwi bila idhini yake. Linganisha pia namba ya chesi na ya injini kwa macho yako, maana 1KZ nyingi zimebadilishwa injini. Pesa zote zitoke akaunti kwa akaunti, na aanzishe uhamisho mkiwa mmekaa pamoja.

LikoniKusini

Shukrani sana nyote, Mungu awazidishie. Nimerudi na majibu. Karatasi ni safi. Kwenye L injini inazuia gari vizuri. Kosa ni 61 peke yake. Oili imechacharika kwenye bati, na shingoni mwa rejeta kuna utelezi. Mpira wa juu ulikuwa laini asubuhi, mapovu hakuna. Themostati haimo. Je, kuna njia hapo?

DizeliTupu

Kwa hedi shusha pumzi, ila mwombe pia fundi apime gesi kwenye maji kwa dawa ya kubadilika rangi, kazi ya dakika chache. Uliza mshipi wa taimingi ulibadilishwa lini. Wake ni kilomita 100,000, na hizi za Japani zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kama hakuna jibu, hesabu mshipi mpya.

Spana17

Njia ipo, ila nunua kama unanunua gari lisilo na giaboksi. Chukua bei ya kazi nzima kutoka gereji mbili, ongeza rejeta mpya, toa kwenye 750,000. Akikataa mwachie. Na tangu leo lisiendeshwe. Likihamishwa libebwe juu ya lori, lisivutwe, kwa sababu Prado hiyo inazungusha magurudumu yote manne.

Una njia mbili. Ya kwanza ni giaboksi iliyotumika kutoka Japani. Ukizunguka Shimanzi na Changamwe, sema waziwazi unataka ya 1KZ. Ya Prado ya petroli ina kengele (kifuniko kinachofungwa kwenye injini) tofauti ya mbele na torki konvata tofauti, haiingii. Sampu ifunguliwe mbele yako: unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya shaba au vya chuma vinavyong'aa ni kukataa. Transfa yako ya zamani, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ibaki, usichukue ya Toyota Surf.

Ya pili, ambayo ningeichagua mimi, ni kuifungua hii. Maji yamepita kote, kwa hiyo bamba zote za ngozi zitoke, si za C2 peke yake, pamoja na sili, ringi, gasketi na chujio. Bamba za chuma zenye madoa ya buluu ya moto zisirudi. Bamba mpya zilowekwe kwenye ATF nusu saa au zaidi kabla ya kufungwa. Torki konvata ibadilishwe au ipelekwe kukatwa na kufanywa upya, haisafishwi kwa kumwaga petroli ndani.

Wakati wa kufunga simama karibu. Konvata inaingia kwa hatua tatu, kila hatua unaisikia ikizama. Giaboksi ikishakutana na injini, kabla ya kufunga bolti za konvata, lazima izunguke kwa mkono na ibaki nafasi kati yake na bamba la flaiwili. Kama haizunguki na fundi anaivuta kwa bolti za kengele, mwambie ashushe. Akiendelea anavunja gia ya pampu, na unaanza upya na giaboksi mpya iliyokufa.

Bolti za sampu zikazwe kwa Nm 7 tu (kipimo cha spana ya torki), mkono mwepesi. Plagi ya kumwagia ni Nm 20. ATF tumia aina iliyoandikwa kwenye kijiti chenyewe. Jaza, washa, pitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi P, pima oili kwa kijiti injini ikiwa inazunguka taratibu na oili ikiwa moto, ifike alama ya HOT. Badilisha tena baada ya kilomita 1,000.

LikoniKusini

Na rejeta? Nikiweka mpya naweza kurudisha mabomba yaleyale?

DizeliTupu

Ya chuma yasafishwe kwa dawa na kupulizwa kwa hewa mpaka yatoke makavu, ya mpira yote mapya. Chukua mpira wa haidroliki unaostahimili oili moto, wa petroli unavimba na kuchomoka. Kwa kuwa unakwenda Kinango na mzigo, weka kipozea oili cha nje mbele ya rejeta, oili ipite rejeta kwanza kisha kipozea. Rudisha themostati. Ndani ya rejeta tia kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji yaliyosafishwa nusu, na uweke galani moja nyuma ya gari kwa kuongezea, ili njiani usije ukachota ya kisima.

WayaNaSensa

Na giaboksi ikishushwa, plagi ya ile 61 uisafishe hapo hapo. Ikisharudi juu, mkono hauifikii vizuri.