Naomba ushauri: barakoa ya CPAP isiyomchubua mzee pua

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi.

Mzee wangu ana tatizo la kukatika pumzi usingizini. Alikuwa akikoroma mpaka jirani anajua kalala, mara kimya, mara anashtuka akitafuta hewa. Hospitali wakampa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya hewa isizibe akilala. Mashine haina neno, akiitumia anaamka mwepesi na mchana hasinzii tena kwenye kiti. Kasheshe ni barakoa.

Aliyonayo inafunika pua na mdomo. Ukikaza mikanda, asubuhi ana alama nyekundu juu ya mfupa wa pua, na sasa ngozi imeanza kuchubuka. Ukilegeza, upepo unavuja na kumpiga machoni. Ndevu anazo za kutosha, na habari ya kunyoa hataki hata kuisikia. Weka na joto hili la Dar: jasho likitoka silikoni inateleza, saa nane usiku unaikuta sakafuni.

Kuna zile ndogo za kukaa kwenye tundu za pua tu, hazigusi mfupa. Ila mzee hulala mdomo wazi, na upepo ukitokea huko presha inapotea. Kuna aliyezitumia pamoja na mkanda wa kidevu? Au ile inayofunika mdomo na kuishia chini ya pua, kwa mwenye ndevu inashika? Na hapa Dar, wapi wanakubali ujaribu kwanza ndipo ulipe? Maana bei zake si za kubahatisha.