Kuimbisha kompyuta kwa Kiswahili: UTAU, OpenUtau, Synthesizer V au Vocaloid?

MwalimuSolfa (Morogoro)

Wakuu, salamu kwenu. Nafundisha kwaya ya watu 26, na kila Jumatano nusu ya mazoezi inaishia kwenye kukumbushana. Naandika solfa (do, re, mi) ubaoni, wanaipiga picha, wanaondoka. Jumamosi besi wanarudi wakiimba sauti ya tena (tenor) badala ya yao. Nikaanza kuwatumia kila sauti kwa WhatsApp, nimeipiga kwa kinanda. Malalamiko yakaja: kinanda hakisemi maneno, na mahali silabi moja inapobeba nota tatu wanapotea kabisa.

Nimesikia kuna programu unazoziandikia nota na maneno, zikaimba. Majina niliyookota ni hayo manne hapo juu. Laptopu yangu ni Windows, RAM GB 4, kadi ya grafiki ya maana haina. Hela ipo kidogo. Anayeanza aanze na ipi, na ipi inaweza kutamka Kiswahili bila kuwachekesha waumini?

Kinanda_Tanga

Mwalimu, karibu kwenye ugonjwa huu, mimi ninao tangu 2013.

Ujue kwanza kwamba hakuna hata moja iliyotengenezewa Kiswahili. Vocaloid, UTAU na Synthesizer V zote zinatolewa na watengenezaji walioko Japani, na OpenUtau ni mrithi wa UTAU aliyeandikwa upya na watu wa kujitolea. Lakini hapo ndipo tulipobahatika. Kijapani kina irabu tano zile zile zetu, na silabi zake karibu zote zinaishia kwa irabu. Mpe mwimbaji wa Kijapani "baba", "mama", "pakua", utadhani amekulia Korogwe. Mpe yule wa Kiingereza "moyo", atakuimbia "mouyou".

Shida inakuja kwenye "l". Kijapani hakina l na r tofauti, kina sauti moja iliyo karibu zaidi na r yetu. Niliwahi kutengeneza demo yenye maneno "mahali pa amani", mashine ikaimba "mahari pa amani". Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni wimbo wa harusi ya nani.

UTAU yenyewe ilitoka 2008 na ni ya bure. Mwimbaji wake ni folda tu: faili za sauti (wav), kila silabi na faili yake, pamoja na faili moja ya maandishi iitwayo oto.ini inayoeleza pa kukata. Programu inachukua "ka" iliyorekodiwa, inaivuta iwe ndefu, inaipandisha hadi kwenye nota, inaiunga na silabi inayofuata. Ni ushonaji wa viraka, na mshono utausikia. Laptopu yako itaibeba bila hata kupata joto. Kero yake ni kwamba Windows yako lazima uibadilishe lokali (mpangilio wa lugha ya mfumo) iwe ya Kijapani, la sivyo majina ya faili yanageuka makorokocho na mwimbaji anakuwa bubu. Wengi hukata tamaa hapo hapo, siku ya kwanza.

Mzee_wa_Besi

Samahani vijana, mimi sielewi. Mwalimu ana koo, simu ana. Si aimbe mwenyewe sauti zote nne awatumie? Wanakwaya wamejifunza kwa kusikia mtu tangu enzi na enzi.

MwalimuSolfa

Shikamoo mzee. Nimejaribu. Mimi ni baritoni. Soprano nikiiimba chini kwa oktava moja, akina dada wanaishika chini hivyo hivyo, halafu siku ya ibada wanakwama. Nikaipandisha kwa kompyuta, ikatoka sauti ya katuni. Walicheka wiki nzima.

Mzee_wa_Besi

Marahaba. Basi mtafute dada mmoja mwenye sauti umrekodi. Nimemaliza. (Sijamaliza, nitarudi.)

BintiLamu

Mimi natumia Synthesizer V, na sitajifanya mnyenyekevu: kwa sauti inayofanana na mtu, nimeijaribu sambamba na hizo nyingine na sijarudi nyuma. Hii haishoni viraka. Imefundishwa kwa rekodi za waimbaji, kisha inakisia yenyewe namna ya kupita kutoka nota hadi nota, wapi pa kupumua, wapi sauti itetemeke. Unaandika nota, unasikiliza, tayari ni mtu. Usipopenda alivyoimba unamwambia arudie, anakuletea namna nyingine.

Kuhusu Kiswahili, lugha zake ni Kijapani, Kiingereza, Kichina cha Mandarini, Kikantoni, Kihispania na Kikorea, na mwimbaji mmoja anaweza kuimba zaidi ya lugha aliyozaliwa nayo. Ujanja wangu ni kuandika vitamkwa badala ya neno. Ukianza na nukta, programu inaelewa kwamba hayo ni matamshi. "Mpenzi" naiweka kwenye nota tatu kwa Kijapani: .N, halafu .p e, halafu .n z i. "Dhahabu" naihamishia Kiingereza kwa sababu dh wanayo: .dh aa, .hh aa, .b uw. Ile l nayo naichukua kwa Kiingereza au Kihispania. Na silabi inayoburuzwa juu ya nota tatu, ile inayowapoteza watu wako, nota ya pili na ya tatu unaweka kistari tu, "-", irabu inaendelea.

Naonya mambo mawili. Imezoea muziki wa pop, kwa hiyo nikiitaka iimbe kama taarabu, ile nota inayokaa katikati ya funguo mbili za kinanda, inabidi nichore mstari wa sauti kwa mkono, kipande kwa kipande. Na si ya bure. Jiandae kutoa hela, ila majaribio yapo, na kulipa mimi nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.

Kwenye RAM GB 4 sikushauri. Itafunguka, lakini utakunywa chai mbili kabla haijaimba ubeti.

Chumba_cha_Nyuma (Nairobi)

Nami niseme la Vocaloid maana ndiyo jina kila mtu analijua kwa sababu ya yule msichana wa nywele za buluu. Yamaha waliitangaza 2003, sauti za kwanza zikauzwa 2004, huyo msichana, Hatsune Miku, akaja 2007 na dunia ikashikwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba utafiti wake ulifanywa pamoja na chuo kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Na ni hapo hapo Barcelona kampuni ya Voctro Labs ilipotengeneza sauti za Kihispania: Bruno na Clara 2011, Maika 2013. Nilipata kumtumia Maika kwa wimbo wa Kiswahili na mpaka leo sijasikia benki ya sauti (yaani mwimbaji wa programu) ya kununua iliyotukaribia vile. Irabu tano safi, l na r kila moja kivyake, ñ ni "ny" yetu kabisa.

Lakini hiyo ni Vocaloid ya zamani. Ya sasa ni Vocaloid 6, ya Oktoba 2022, ina sauti za akili bandia na majaribio ya siku 31. Ni nzuri ndani ya studio, bei yake ni ya studio pia. Kwa kazi ya mwalimu ni kununua lori la kubebea mkate. Ningeiruka.

BintiLamu, hapo kwenye kuchora mstari nakuunga mkono, ila hata Maika nilimchorea. Hakuna inayojua kuvuta "aaa" ya pwani yenyewe.

Fundi_Muscat

Assalamu alaykum. Naona OpenUtau imesahauliwa, na nadhani ndiyo jibu la mwalimu.

Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, inakaa kwenye Windows, macOS na Linux, na haikulazimishi kubadili lokali. Inasoma benki za UTAU, na pia zile mpya za DiffSinger ambazo zimefundishwa kama za Synthesizer V. Hizo za DiffSinger uziache kwanza, kwenye mashine yako zitakokota. Anza na benki za kawaida. Inapokea MIDI (faili ya nota), kwa hiyo kama unaandika nota kwenye programu ya MuseScore huna haja ya kuziandika upya. Unatoa MIDI, unaifungua, unabandika maneno.

Sasa, mwalimu, jambo ambalo hakuna aliyekuambia. Kabla hujapakua mwimbaji yeyote, soma masharti yake, hata kwa kuyapitisha kwenye programu ya tafsiri. Benki nyingi za bure za Kijapani zinakataza sauti kutumika kwa shughuli za siasa na dini. Mwenye sauti ni mtu aliyeketi chumbani akarekodi, na hataki kujikuta anahubiri. Kwa kwaya ya kanisa, nusu ya waimbaji wa bure wamekwisha kutoka mlangoni.

MwalimuSolfa

Hilo limenivunja nguvu kweli. Nilikuwa nimeshapakua wawili. Nimeangalia, wote wanakataza.

Fundi_Muscat

Usivunjike. Tengeneza wa kwako. Mzee_wa_Besi amesema umtafute dada mwenye sauti, naye amesema kweli kuliko alivyojua. Badala ya kumrekodi wimbo, mrekodi silabi. Mara moja tu, halafu anaimba nyimbo zako zote hata akiwa amesafiri. (Kwa ridhaa yake, na mwandikishane itatumika wapi. Sauti ya mtu ni mali yake.)

Kiswahili ni rahisi mno kwa kazi hii, hata naona ajabu wachache wameifanya. Chukua konsonanti zetu, ongeza mb, nd, ng, nj, nz, mv, na zile za dh, th, gh: unafika kama thelathini. Zidisha kwa irabu tano, ni silabi 150. Halafu bwa, mwa, kwa, twa na wenzao, na "m" na "n" zinazosimama peke yake kama kwenye m-tu na n-chi. Hizo ziimbwe ndefu, ile m midomo ikiwa imefungwa. Kipindi kimoja cha mchana kinatosha. Kila silabi ivutwe sekunde mbili hivi juu ya nota ile ile moja, mono, 44.1 kHz, biti 16. Programu ya OREMO inampigia nota masikioni na kumwonyesha silabi inayofuata. Chumba kiwe na nguo nyingi, kabati likiwa wazi, feni imezimwa, jogoo amefungiwa mbali.

Kazi ngumu ni oto.ini. Kila silabi ina namba tano: sauti inaanzia wapi, sehemu ipi isivutwe, mwisho ukatwe wapi, utangulizi, na kupishana na silabi iliyotangulia. Utangulizi ndio roho ya yote. Binadamu akiimba "sa" juu ya pigo, s inatangulia, a ndiyo inayoangukia pigo. Ukisahau kuiambia mashine hivyo, s ndiyo itaanguka kwenye pigo, kila silabi itachelewa, na kwaya itaimba kama imetoka kilabuni. Kwa mb na nd utangulizi uwe mrefu zaidi, maana kabla ya b kuna mvumo wa m.

Ukishaipa kila silabi jina lake kwa herufi zetu, "mba", "nzi", "dha", OpenUtau haihitaji kujua Kiswahili. Unaandika silabi, inaitafuta, inaimba.

Kinanda_Tanga

Naongeza moja: nota uliyomrekodia ndiyo nyumbani kwake. Ukimpeleka juu sana au chini sana anaanza kulia kama bati. Kwa soprano rekodi orodha mara mbili, nota ya katikati na ya juu. Inachosha, najua.

Mzee_wa_Besi

Nimerudi. Kwa hiyo mmezunguka Japani na Barcelona mkafika pale pale niliposema mimi.

BintiLamu

Babu 😂 shikamoo.

MwalimuSolfa

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Dada mmoja wa soprano alikubali, tukaandikishana: ni kwa mazoezi ya kwaya yetu tu. Tulirekodi chumbani kwa mama yake kati ya saa nane na saa kumi na moja, silabi 168, tukisimama kila bodaboda ikipita. Oto.ini imenila jioni tisa. Siku ya nne niligundua nimeweka utangulizi wa silabi zote za "sh" kwenye mstari usio wake, nikaanza upya.

Sauti si ya kupeleka redioni. Kwenye nota za juu inalia bati kama alivyosema Kinanda_Tanga, tulirekodi nota moja tu. Lakini l ni l, r ni r, na "mahali" ni mahali. Alto, tena na besi wote wanaimbiwa na dada huyo huyo, besi nikampandisha oktava moja. Wanaume wamelalamika kidogo ila wanashika. Jumamosi iliyopita wimbo mpya wa kurasa nne ulisimama ndani ya saa moja.

Kasoro imebaki moja. Katika orodha yangu nilisahau ng'. Ubeti wa pili una "nuru yang'ara", mashine ikiikosa silabi hiyo inanyamaza, kwa hiyo inaimba "ya", kimya, "ra". Sikuisikiliza yote kabla ya kutuma. Walioipokea wameishika hivyo hivyo, na kimya kile wanakihesabu vizuri kuliko nota zote. Kesho jioni narudi kwa mama yake na kipaza sauti: ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u.