Kwa nini wazee wa makumbusho hawataki tableti?

Mleta mada: Wakuu, niko Kigoma, kazini tumeletewa tableti za kusajilia vifaa vya zamani, mwezi wa pili huu zipo kabatini na daftari ndo linajaa, shida nini hasa?

Jibu: Bando analipa nani? Anza hapo.

Jibu: Mi nipo Tabora, kazi hiyohiyo. Sio ubishi, mzee wetu alishinda kutwa anaingiza maelezo ya ngoma kwenye kompyuta umeme ukakata yakafutika yote, tangu hapo haamini kitu kisicho na karatasi. Halafu programu inalazimisha mwaka wa kutengenezwa, ukiacha wazi inagoma, sasa ngoma ya babu utajuaje mwaka?

Mleta mada: Kumbeee! Ndo maana vinu na mikuki yetu yote imeandikwa 1871, mwaka Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji 😂