Kulinganisha vumbi la kazini: tuanze kumpima nani?

Msimamizi wa Ihumwa:
Habari zenu ndugu zangu. Ninasimamia usalama wa vikundi vinne vya kazi hapa Dodoma: wapasua kokoto, mafundi vigae, maseremala na wahudumu wa mashine za kusaga nafaka. Fedha iliyopatikana inatosha kupima hewa ya watu wachache tu. Wenzangu wanashauri tuanze na mashine za kusaga, kwa kuwa wahudumu wake hutoka kazini wakiwa weupe kuanzia kope hadi viatu, ilhali mpasua kokoto huonekana msafi kiasi. Je, ni sahihi kulinganisha kazi hizi kwa wingi wa vumbi peke yake?

Mpima Hewa:
Ndugu Msimamizi, weupe wa nguo usiwapotoshe. Vumbi linaloganda kwenye kope ni la chembe kubwa. Lile linalofika ndani kabisa ya mapafu ni la mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na jicho haliwezi kuliona. Zaidi ya hapo, vumbi hutofautiana kwa sumu. Vumbi la unga huleta pumu na mafua yasiyokwisha, jambo ambalo si dogo, lakini granaiti iliyotapakaa kwenye vilima vya Dodoma ina silika ya fuwele, madini ya mawe na mchanga, ambayo huacha makovu ya kudumu kwenye mapafu na ambayo mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao lilikuwa limeingizwa humo mwaka 1995, kwa hiyo maseremala nao msiwaache nyuma, hasa wale wanaopiga msasa kwa mashine ndani ya banda lisilo na madirisha.

Kwa hiyo msilinganishe miligramu za unga na miligramu za silika. Linganisheni kila kipimo na kikomo cha vumbi lake, yaani kiwango cha juu kinachoruhusiwa hewani. Nchini Marekani, kwa mfano, kikomo cha silika ni miligramu 0.05 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kikiwa ni wastani wa saa nane.

Fundi Vigae:
Mimi ningeongeza kwamba hata ndani ya fani moja watu hawalingani. Nikikata vigae nje kwa mashine yenye maji, vumbi huwa tope. Mwenzangu akikata vikavu kwa grenda ndani ya choo kilichofungwa, baada ya dakika chache hamwonani. Nami hukata kwa saa moja tu kwa siku, muda uliobaki ni kupanga na kubandika. Je, saa hiyo moja inahesabika?

Mpima Hewa:
Inahesabika sana, fundi. Ukivuta kwa saa moja hewa yenye silika miligramu 0.4 kwa mita moja ya ujazo, kisha ukakaa kwenye hewa safi kabisa saa saba zilizobaki, wastani wako wa saa nane ni 0.05, yaani umekwisha kufika kikomo. Ndiyo maana pampu ndogo ya kuvuta hewa ya kipimo hufungwa kiunoni na kichujio huwekwa karibu na kola tangu asubuhi hadi jioni, huku mtu mwingine akiandika nani alifanya nini na saa ngapi.

Muuguzi, Chamwino:
Naomba msiwasahau akina mama wanaogonga mawe kwa nyundo. Hawatoi vumbi kubwa kama mashine ya kusaga mawe, ila hukaa hapo kutwa nzima, wengine wakiwa na watoto pembeni. Silika huongeza hatari ya kupata kifua kikuu, hivyo mpasua mawe mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi, asiishie kununua dawa ya kikohozi dukani.

Msimamizi wa Ihumwa:
Ahsanteni. Basi tutaanza na anayelisha mawe kwenye mashine, mama mmoja wa nyundo na fundi wa grenda. Seremala na msaga nafaka watafuata. Kiangazi hiki upepo unatimua vumbi la barabarani hadi machimboni. Je, halitaharibu vipimo?

Mpima Hewa:
Wekeni pampu moja ya ziada upande upepo unakotokea, mbali na kazi, muone hewa inakuja na vumbi kiasi gani kabla ya kufika kwenye mawe. Vumbi la barabarani nalo huwa na silika, na mfanyakazi huvuta yote mawili, kwa hiyo msilitoe kwenye kipimo chake.