Mtambo wa bayogesi: moto unaruka-ruka, umekuwa wa njano na gesi haikai. Niongeze samadi au nifungue nisafishe?

Kuba_5000
Wakuu, heshima kwenu. Mtambo ni wa kuba, wa matofali, uko chini ya ardhi na unabeba tope kama lita 5,000. Kila asubuhi unalishwa ndoo mbili za lita 20 za samadi mbichi ya ng'ombe pamoja na maji kiasi hicho hicho. Mwanzo jiko la pleti mbili lilikuwa linawaka bluu safi. Sasa moto unaruka-ruka, unageuka njano, wakati mwingine unazimika wenyewe. Wiki chache zilizopita tulianza kutupia mabaki ya jikoni na kinyesi cha kuku tukitegemea gesi itaongezeka. Niongeze samadi, au nifungue mfuniko nisafishe ndani?

Zizini
Ongeza samadi tu mkuu. Gesi ikipungua maana yake mtambo una njaa.

FundiBomba
Asiongeze kwanza, wala asiguse mfuniko. Hapo kuna dalili tatu na kila moja ina chanzo chake.

Moto kuruka-ruka karibu kila mara ni maji kwenye bomba. Gesi inatoka kwenye tope ikiwa na joto na imejaa mvuke, ikipita kwenye bomba lililopoa mvuke unageuka maji na kutuama pale bomba lilipobonyea. Gesi inalazimika kupenya kwa mapovu, ndiyo maana moto unacheza. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya njia ya bomba. Kama pana mtego wa maji, ufungue mpaka maji yaishe na gesi ianze kusikika, kisha funga haraka. Kama hapana, kata uweke kiungo cha T kinachoangalia chini chenye koki. Bomba lote lishuke kuelekea hapo walau sentimita 1 kwa kila mita, na lisipite juu ya ardhi likiwa limelegea kati ya nguzo na nguzo, maana kila bonde ni dimbwi jipya.

Moto wa njano unaopaka sufuria masizi unamaanisha hewa haitoshi. Zungusha pete ya tundu la hewa chini ya jiko kidogo kidogo mpaka ncha za moto ziwe bluu, na uchokonoe vitundu vya kichwa cha jiko, maana chakula kikimwagika vinaziba. Moto ukianza kunyanyuka na kuachana na kichwa, umezidisha hewa. Halafu angalia kama jiko ni la gesi ya mtungi. Hilo nozo yake (kipua kinachotolea gesi) ina kitundu chembamba mno kwa bayogesi, kwa hiyo kitundu kipanuliwe na tundu la hewa lizibwe sehemu.

Kuhusu gesi kuisha, pima kabla ya kubahatisha. Chukua mpira mwangavu wa mita 3, ukunje kama herufi U ukutani, tia maji yenye rangi hadi nusu, unganisha upande mmoja na bomba la gesi karibu na jiko. Tofauti ya urefu kati ya maji ya pande mbili ndiyo presha yako. Jaza bomba gesi, funga koki kuu ya kwenye kuba na ya jiko. Tofauti hiyo ikipungua ndani ya nusu saa, bomba linavuja: paka povu la sabuni kila kiungo. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Isipopungua, fungua koki kuu na uache jiko limefungwa usiku kucha. Presha isipopanda hadi asubuhi, ama kuba linavuja ama tope halizalishi.

Na mfuniko wa shingo ya kuba uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi lazima ufunikwe na maji muda wote. Maji yakikauka udongo unapasuka. Ukiona mapovu kwenye hayo maji, umeshapata jibu.

Tope_na_Vijidudu
Niongezee upande wa tumboni mwa mtambo. Hesabu ya njaa haipo: unaingiza lita 80 kwa siku kwenye lita 5,000, kwa hiyo tope linakaa ndani siku 62 hivi. Kwa sehemu zenye joto siku 40 hadi 60 zinatosha. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 30 hadi 40 za gesi, kwa hiyo kilo 40 ni lita 1,200 hadi 1,600. Kichwa kimoja cha jiko kikila lita 300 kwa saa, ukiwasha vyote viwili una saa mbili hadi mbili na dakika 40 za moto. Ukitarajia zaidi ya hapo, mtambo hauna kosa.

Wasiwasi wangu ni hayo mabaki. Ndani kuna makundi mawili ya vijidudu. La kwanza linavunja wanga na sukari kuwa asidi kwa kasi, la pili linageuza asidi kuwa methani, ile gesi inayowaka, na ni la polepole sana. Ukimwaga vyakula laini kwa wingi, asidi inarundikana, pH (kipimo cha asidi, asidi ikizidi namba inashuka) inashuka chini ya 6.5 na kundi la pili linagoma. Gesi itakuwepo, ila nyingi ni kaboni dayoksaidi, haishiki moto. Kinyesi cha kuku nacho kina naitrojeni nyingi, kikizidi kinaleta amonia ambayo pia ni sumu kwa hao wa polepole. Koroga mdomo wa kutolea tope, chota na upime kwa karatasi za pH. Tope lenye afya liko kati ya 6.8 na 7.5. Na hakikisha maji ya kuoshea banda yenye dawa ya kuua vijidudu, au samadi ya ng'ombe aliye kwenye dozi ya antibayotiki, haviingii humo.

Kuba_5000
Nashukuru sana. Mtego umetoa maji zaidi ya lita moja na moto umeacha kuruka. Bomba halivuji. Asubuhi mpira umeonyesha sentimita 70, lakini moto ni dhaifu na unazimika. pH ni 6.3.

Tope_na_Vijidudu
Basi ndiyo hiyo. Presha kubwa na moto dhaifu ni gesi duni, si uhaba wa gesi. Acha kulisha kabisa kwa siku 5 hadi 7. Omba tope kutoka mtambo unaofanya kazi vizuri, lita 200 hadi 500, mimina kupitia mdomo wa kuingizia. pH ikifika 6.8 anza na robo ya samadi ya kawaida, baada ya wiki moja panda hadi nusu, halafu kamili. Mabaki yarudi mwishoni, yakiwa yamekatwa vipande vidogo, ndoo ndogo moja kwa siku, bila mafuta wala maganda ya machungwa.

Zizini
Si amwage tu chokaa, pH ipande leo leo?

FundiBomba
Hapana, ndugu. Chokaa inafyonza kaboni dayoksaidi iliyo kwenye kuba, presha inaweza kuanguka hadi kuba livute hewa ndani, na methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka. Chokaa nyingine inatulia chini na kula nafasi.

Gesi duni ukilazimika kuiachia, iachie nje mbali na moto. Ikikubali kuwaka hata kwa shida, ichome, kwa sababu methani inapasha hewa joto takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa miaka 100.

Kuba_5000
Na mtambo ukishapona, mchanga uliotulia chini nautoaje? Mtu anaweza kuingia?

FundiBomba
Asiingie mtu, hata kama tope limechotwa lote na mfuniko umekaa wazi siku nzima. Haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye tope, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si usalama. Anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka naye. Kazi hiyo ni ya gari la kunyonya vyoo au pampu ya tope. Ili mchanga usirudi, acha samadi na maji vitulie dakika chache kwenye beseni la kuchanganyia, fungua plagi na uchote mchanga uliobaki chini.

Tope_na_Vijidudu
Tope linalotoka kipindi hiki cha asidi usilipeleke moja kwa moja kwenye miche. Lilaze kwenye shimo la mboji na majani makavu, mbali na kisima, na hata likishaiva lisimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi.