Kama tunalala kila baada ya pambano moja, mimi faita nafanya nini humu?

Wakuu habari za Jumapili. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa wanaoanza, hili ni povu na nimelibeba tangu jana usiku.

Iko hivi. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, toleo la tano, vitabu vya 2014, watu watano sebuleni kwa jamaa mmoja Tabata. Mimi faita (mpiganaji wa silaha), aina ya Champion, panga la mikono miwili. Yupo wizadi (mchawi), yupo mwizi, yupo padri, na DM, yule anayeendesha hadithi na maadui. Tuko levo ya 7. Faita nilimchagua mwenyewe, napenda kukaa mbele nipigwe mimi wengine wapone, sijalazimishwa na mtu.

Jana tumefika darajani, goblini 14. Nikasema leo ndo leo. Nikasogea, nikarusha dadu, ya kwanza 17 imepiga, ya pili 4 imekosa, goblini mmoja chini, nimefurahi mwenyewe kama nimefunga goli. Zamu ya wizadi. Jamaa anatafuna karanga, hata hajanyanyua macho kwenye simu, anasema "faiaboli hapo kati". Ni mpira wa moto wa kichawi, madhara yake dadu nane za pande sita. Wastani wake ni 28, na goblini hata akifaulu kukwepa anakula nusu, yani kama 14, na goblini mzima mwenye afya zake ana damu (pointi za uhai) 7. Sasa hapo kakwepa nini? Wamekufa 11 kwa pumzi moja, wawili waliobaki wakala kona.

Halafu ndo linakuja linaloniudhi. Wizadi anasema "mimi nimechoka, tulale". Saa nne asubuhi ya kwenye mchezo! Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekimbia, lakini tulale, na DM anakubali. Nikauliza si tutavamiwa hapa njiani, nikajibiwa kuna kile kibanda cha uchawi, dakika 11 za kunuiza, sloti (nafasi zake za kutumia uchawi) haitumiki hata moja, kinakaa saa 8 na adui hapenyi. Tumeamka sloti zote zimerudi, tukatembea hatua mbili, pambano lingine, faiaboli nyingine. Jana tumelala mara tatu na nje bado ni "siku ya kwanza" ya safari, sijui hilo jua lilikuwa limefungwa kamba.

Najua mtaniambia faita ana Extra Attack (pigo la pili kwa zamu), ana Action Surge (kitendo cha ziada), ana Second Wind (kujirudishia damu). Ndiyo, ninavyo, na vyote vimetengenezwa kwa mtu anayepigana kutwa nzima! Action Surge na Second Wind zinarudi kwa kupumzika saa moja tu, panga halina sloti, naweza kupiga tangu alfajiri mpaka magharibi. Kitabu cha DM chenyewe cha 2014 kinasema kundi linaweza kuhimili mapambano 6 mpaka 8 ya saizi ya kati au magumu kwa siku moja. Hapo ndo bei ya wizadi ilipofichwa. Levo ya 7 ana sloti tatu za daraja la 3 na moja ya daraja la 4, ukimpa mapambano sita atabana matumizi kama mtu wa tarehe 25 mshahara bado, kuna mahali atasema hawa goblini mmalizieni nyie. Ukimpa pambano moja halafu godoro, atabana cha nini? Kila siku kwake ni tarehe moja.

Na zamani hii bei ilikuwa inaonekana hadharani. Chukua AD&D toleo la pili la 1989, mwizi anafika levo ya 2 kwa XP (pointi za uzoefu) 1,250, faita 2,000, wizadi 2,500. Damu ya wizadi inarushiwa dadu ya pande 4, anaanza na speli (uchawi) moja kwa siku, na akichapwa kabla hajamaliza kuitamka imeenda na maji. Alikuwa kifaranga, mnamlinda mnamlea, akija kuwa mkubwa anawabeba, hamna aliyelalamika kwa sababu mlimuona akiteseka. Toleo la tatu la 2000 likaleta jedwali moja la XP kwa wote. La nne 2008 likampa kila mtu mbinu zake za kila pambano na za kila siku, watu wakapiga kelele kwamba faita kawa wizadi mwenye panga. Mimi nilikuwa kati ya waliocheka, naomba radhi.

Sisi hapa hata XP hatuhesabu. DM anatoa levo "hadithi ikifika pazuri", na hadithi inafika pazuri kila Jumamosi. Kwa kitabu, kutoka levo ya 5 mpaka ya 7 ni kutoka XP 6,500 mpaka 23,000, sisi tumeruka ndani ya wiki tatu. Mnasema si wote mmepanda? Haya, njooni tuhesabu nilichopata kwenye levo ya 7. Champion anapata kitu kinaitwa Remarkable Athlete, kwenye majaribio ya nguvu na wepesi naongezewa kidogo, na nikiruka kwa kukimbia naruka mbali zaidi kwa futi sawa na bonasi ya nguvu zangu. Yangu ni 5. Futi tano wakuu! Mita moja na nusu! Wiki hiyohiyo wizadi kafungua daraja la 4 kachukua Polymorph, uchawi wa kumgeuza mtu mnyama.

Basi jana pambano la mwisho, jitu limetukalia kwenye mlango wa pango, mimi nimebaki na damu 19 kati ya 60. Wizadi ananiangalia kwa huruma kabisa, anasema "kaka, ngoja nikusaidie". Kanigeuza sokwe mkubwa. Damu 157. Ngumi mbili kwa zamu, kila moja wastani 22, wakati panga langu likipiga vizuri ni 12. Nimelikung'uta lile jitu mpaka limekaa chini, sebule nzima wanashangilia, mwizi kapanda juu ya kochi. Nimecheza hii kampeni miezi minne na siku niliyokuwa na faida kwa kundi nilikuwa nyani, tena nyani wa mtu mwingine, maana wizadi angepigwa akapoteza umakini ningerudi binadamu palepale.

Msiniambie nihamie vitabu vya 2024, najua faita kaongezewa mbinu za silaha, lakini wizadi akilala bado anaamka na sloti zote. Na yule atakayesema "cheza wizadi na wewe", mkuu pita tu kimya.

Mimi sitaki faiaboli ipunguzwe. Nataka saa iwepo. Mateka anachinjwa jua likizama, mto unajaa, wale goblini wawili waliokimbia wanaenda kuita ndugu zao na ukilala saa 8 unawakuta 40 wamechimba handaki, kibanda nacho kikiisha kitatukuta tumezungukwa. Hivyo tu. Nimemwandikia DM haya yote WhatsApp saa saba usiku, aya ndefu kuliko hii. Kajibu asubuhi, "Poa nimekuelewa, Jumamosi tunaanzia kambini."

Kambini. Yani tumeshalala tayari.